Kempingi Lake Mead na watoto, twende Julai au tusubiri Oktoba?

mama_wawili_phx

Habarini wakuu, poleni na majukumu. Naomba uzoefu wenu maana nimezunguka kwenye google mpaka kichwa kinauma na kila mtu anasema lake.

Tupo Phoenix hapa Arizona mwaka wa tatu sasa, mimi, mume wangu na watoto wawili, mkubwa ana miaka 9 anaingia darasa la nne, mdogo ana 5. Hatujawahi kulala nje hata siku moja tangu tufike, ni kazi nyumbani kazi nyumbani. Sasa mdogo wake mume wangu anakuja na mkewe kutoka Mwanza kututembelea na shemeji huyo ameshaona picha za Lake Mead sijui kwa nani, anasema lazima tukapige kambi pembeni ya maji tuogelee tuvue tukodi boti. Mimi maji nayapenda ila kuogelea ni kwa kubahatisha, mume wangu na mdogo wake wao ni watu wa ziwa toka wamezaliwa na hawaambiwi kitu.

Maswali yangu: 1) Julai watakuwa hapa, na pia watakuwepo Oktoba mwanzoni watoto wakiwa na ile likizo ya wiki moja, sasa tuchague ipi? 2) Ni kwenda mpaka kule karibu na Vegas au kuna upande wa karibu zaidi kwa mtu anayetoka Phoenix? 3) Hema tulilonalo ni lile la bei ya chini la watu sita, linatosha au tununue lingine? 4) Watoto wataogelea wapi pa salama? Na gharama za kuingia zikoje. Boti hatuna, tutakodi huko huko kama ipo.

Asanteni, msinicheke kwa maswali ya kishamba

mvuvi_wa_katherine

Dada karibu sana, maswali yako siyo ya kishamba kabisa, ya kishamba ni yale niliyokuwa nayo mimi mwaka wa kwanza nikaenda na taulo na ndala basi.

Naanza na la pili maana ndo litakuokolea mafuta. Watu wengi wakisikia Lake Mead wanafikiria ziwa moja, kumbe ile mbuga nzima ina maziwa mawili ya kutengenezwa na mto ni huo huo mmoja, Colorado. La juu ndo Mead lenyewe, limezuiwa na bwawa la Hoover lililomalizika 1935. Chini yake kuna lingine linaitwa Mohave, limezuiwa na bwawa la Davis, 1951. Sasa wewe unatoka Phoenix, ukienda mpaka Boulder Beach kule Nevada ni kama kwenda Vegas kabisa, masaa matano na watoto wanaouliza tumefika ni sita. Ukienda Katherine Landing ambayo iko kwenye Mohave upande wa Arizona, unapita Kingman unashuka kuelekea Bullhead City, masaa manne hivi umefika. Na pale Bullhead City kuna maduka yote, ukisahau mkaa au mtoto akiumia kidole uko dakika chache tu na mji. Kwa mtu wa mara ya kwanza na watoto mi nakushauri hapo na nitakutetea mbele ya shemeji yako.

Kitu kingine ambacho hawakwambii, kiwango cha maji cha Mohave hakichezi sana. Mead yenyewe imeshuka vibaya mno tangu ukame ulipoanza mwaka 2000, Julai 2022 ilifika futi 1,040 hivi juu ya usawa wa bahari wakati ikijaa kabisa ni 1,229, hebu piga hesabu hiyo ni ghorofa ngapi. Ndo maana ukiangalia miamba yake utaona mstari mpana mweupe kama ndoo iliyokaa na maji ya chumvi muda mrefu halafu ikamwagwa. Maana yake kwako wewe ni hii, ile sehemu ya kushushia boti iliyokuwa inafanya kazi mwaka juzi leo inaweza kuwa imeishia kwenye mawe, na ufukwe uliouona kwenye picha ya zamani unaweza kukuta una mwendo wa dakika kumi juani kutoka gari lilipo mpaka maji yalipo, na wewe una kulaboksi, mtoto na kiti. Angalia tovuti ya mbuga yenyewe wiki unayokwenda, usiangalie picha za watu.

Gharama, mara ya mwisho nililipa dola 25 kwa gari na inatumika siku 7, kiwanja cha hema dola 20 kwa usiku. Lakini wewe subiri kwanza, umesema mkubwa anaingia darasa la nne? Basi kuna pasi ya bure kwa watoto wa darasa la nne nchi nzima, mnaijaza mtandaoni mnaprinti, gari zima linaingia bure mbuga zote za taifa kuanzia Septemba mpaka mwisho wa Agosti unaofuata. Sababu nyingine ya kusubiri Oktoba hiyo. Kiwanja cha hema unalipa kama kawaida lakini.

Julai usiende. Nitarudi kuandika kuhusu samaki nikitoka kazini.

mzee_wa_boti

Hapo kwenye Julai usiende napinga. Mi naenda kila Julai na familia na tunarudi wazima, maji ya Julai ni matamu kama ya kuoga, ya Oktoba yanaanza kupoa. Unachofanya unakaa ndani ya maji, hutoki. Jua ni jua tu, sisi tumezaliwa na jua. Hawa wanaotishia watu hata mboga hawajawahi kukaanga nje.

nesi_wa_zamu

Mzee wa boti kwa heshima zote, wewe una boti lenye paa na injini, mwenzio ana hema la bei ya chini na mtoto wa miaka 5. Hamfanani.

Mama wawili nisikilize mimi ambaye nafanya kazi chumba cha dharura na Julai yote napokea watu waliozidiwa na joto. Jua la huku siyo la nyumbani. Nyumbani unatoka jasho, nguo zinalowa, unajua kabisa nimechoka nipumzike. Jangwani jasho linakauka kabla hujaliona, unajihisi mkavu, unafikiri uko sawa kumbe maji yameshakwisha mwilini. Pale kando ya ziwa Julai ni nyuzi 110 za huku na kuzidi, yaani 43 za nyumbani, na usiku hakupoi, kwenye hema mtalala kwenye nyuzi 30 na kitu. Watoto hawalali, asubuhi wameamka na hasira, saa tatu jua limeshawaka, hiyo siyo likizo.

Maji ya kunywa weka galoni moja kwa kila mtu kwa siku, karibu lita nne, hiyo ni ya kunywa tu, ya kupikia na kunawa weka pembeni. Mtu akianza kuumwa kichwa, kichefuchefu, anatoka jasho jingi na ngozi imelowa, mpeleke kivulini, mloweshe, mpe maji kidogo kidogo. Akianza kuongea vitu havieleweki, anayumba, anachanganyikiwa, hapo msiulizane, piga 911 na huku mnammwagia maji mwili mzima. Na mtandao wa simu sehemu nyingi za mbuga haupo, kwa hiyo mkifika tu angalieni simu inashika wapi, mkumbuke hiyo sehemu.

Sasa la kuogelea, na hapa naomba uwasomee shemeji zako hata kama watanuna. Fukwe zile hazina mlinzi wa kuokoa watu. Hakuna. Kuna alama, kuna mchanga, basi. Wanaume wazima wanaojua kuogelea ndo wengi kwenye vifo vya maji, siyo watoto, kwa sababu mtoto anavalishwa jaketi la kuelea majini na baba anaruka hivi hivi anafuata mpira. Watoto wa miaka 12 kushuka chini sheria inawataka wavae jaketi muda wote boti likiwa linatembea, lakini wewe wavalishe hata wakiwa wanachezea ukingoni, na wewe uvae na hao watu wa ziwa wavae.

Kuna mtu atakuja kukutisha na habari ya amiba inayokula ubongo, bora nikwambie mimi kabla. Ni kweli ipo, 2022 kijana mmoja wa Nevada alifariki na walisema huenda aliipata kwenye maji ya Lake Mead upande wa Arizona. Lakini ni nadra sana, Marekani nzima wagonjwa kwa mwaka kwa kawaida hawafiki kumi. Inaingia kwa puani tu, kuyanywa hakukupi. Inapenda maji ya moto, kwa hiyo Oktoba ni bora kuliko Julai hapo pia. Watoto wasitibue tope la chini na wasirukie maji bila kuziba pua, na kama mtaenda kwenye zile chemchemi za maji moto za kule mabondeni, kichwa kisiingie majini kabisa. Hayo yakizingatiwa lala usingizi.

msukuma_wa_vegas

Nimecheka hapo kwenye watu wa ziwa. Mimi ni mtu wa Musoma, nimekulia majini, na hilo ziwa liliniaibisha siku ya kwanza tu.

Ngoja niwaeleze hao ndugu zako kwa lugha wanayoielewa. Ziwa letu lile ni sinia. Pana mpaka huoni ng'ambo lakini kina chake cha mwisho kabisa ni mita 80 na kitu, na pembeni unatembea hatua kibao maji bado kiunoni. Mead ni korongo la mawe lililojazwa maji. Likijaa kina kinafika mita 160 karibu. Kwa hiyo unasimama maji yako kifuani, unapiga hatua mbili, hakuna chini. Mi nilikuwa naongea na mtu nikageuka nikazama nikiwa nacheka, mdomo wazi. Nilitoka lakini sikucheka tena siku hiyo.

La pili ni upepo, na hili kwangu ndo kubwa kuliko joto, kuliko nyoka, kuliko amiba. Asubuhi ziwa limetulia kama kioo, watu wanapuliza yale maboya ya kujaza hewa, flamingo sijui donati, watoto wanapanda. Saa saba saa nane upepo unatoka kwenye makorongo bila hodi. Boya la hewa halina uzito, linakwenda kama karatasi. Tulikuwa familia tatu, binti wa rafiki yangu miaka 11 alikuwa amekaa kwenye moja hatua kumi tu kutoka ukingoni, tukageuka kuchukua nyama kwenye jiko, tukisikia sauti yake ni kama mita 60 hivi na anazidi kwenda. Baba yake akaingia kuogelea kumfuata bila jaketi, mtu mwenye nguvu kabisa, lile boya linakwenda kwa kasi kuliko yeye, alipofika nusu ameshachoka na sasa tuna watu wawili wa kuokoa. Aliyewatoa ni jamaa mmoja mzungu wa jetski ambaye hata jina hatukumuuliza, aliwavuta wote akaondoka zake. Tangu siku hiyo kwenye gari langu maboya ya hewa hayapandi, hata mtoto alie. Mtu anataka kuelea avae jaketi aelee nalo.

Na hema lako la bei ya chini: linatosha, ila vile vigingi vyake vya waya vitupe. Ardhi pale ni kokoto zimeshikana kama sementi, kigingi kinapinda kabla hakijaingia nusu. Nenda duka la vifaa vya ujenzi kanunue nondo fupi zilizopindwa juu, au vigingi virefu vya chuma, na nyundo ya kweli siyo jiwe. Kila kona ya hema weka kitu kizito ndani, galoni za maji zile zile za nesi zinafanya kazi mbili. Kivuli cha miguu minne ukinunua kifunge na kamba na ukitoka kwenda majini kishushe. Kishushe kabisa, usiseme narudi sasa hivi.

mama_wawili_phx

Jamani asanteni, nimesoma nimenyamaza. Mume wangu nimemsomea hiyo ya boya akasema tutaona, lakini nimeona macho yake.

Basi Oktoba. Naomba na haya: vyoo vikoje? Na nyoka na nge, mwanangu mdogo anatembea peku muda wote. Na mvuvi uliahidi samaki.

mvuvi_wa_katherine

Nipo. Vyoo viwanja vikubwa kama Katherine na Boulder Beach ni vya kuflashi na maji ya bomba yapo, siyo vya shimo. Umeme kwenye kiwanja cha hema hamna. Karatasi ya chooni nenda na yako, wikiendi inaisha.

Peku hapana dada. Siyo nge tu, majini kwenyewe kuna kome wadogo wanaitwa quagga, waligunduliwa Lake Mead Januari 2007 na sasa wamefunika kila jiwe, magamba yao yanakata kama wembe. Viatu vya maji vya dola kumi vinatosha kwa wote. Na hao kome ndo sababu ukikodi au ukiazima boti au kayaki lazima mkitoka msafishe, mmwage maji yote na vikauke, chombo kilichokaa muda mrefu kwenye maji hayo hakitoki bila kukaguliwa, msije mkahamishia ziwa lingine. Nge wapo kweli, usiku nunua ile tochi ya mwanga wa zambarau, ukiwamulika wanang'aa kijani, watoto wataipenda kuliko ziwa lenyewe. Viatu vinaingia ndani ya hema usiku na asubuhi vinakung'utwa. Nyoka Oktoba bado wapo wapo, msitie mikono chini ya mawe wala vichakani. Ukiona punda wanatembea pembeni ya barabara wala usishtuke, ni punda mwitu, ila msiwalishe, wanapenda kuingia kambini na ni wezi.

Halafu viwanja vile vimepandwa miti ya oleanda kwa ajili ya kivuli, yenye maua ya waridi na meupe, mizuri kweli. Ni sumu yote, jani mpaka kijiti. Mtu asije akavunja tawi akachoma nalo mshikaki. Nimemwona mtu karibu afanye hivyo.

Samaki: anayetafutwa pale ni striper, walimwaga kwenye Mead 1969 akazaliana mpaka akawa bwana wa ziwa, chini Mohave yupo pia na anakua mkubwa. Chambo chake ni anchovi zilizogandishwa, ndugu zake dagaa, zinauzwa maduka yote ya pale, unakata kipande unaweka kwenye ndoana na risasi ndogo unatupa. Wakati mzuri ni alfajiri na usiku. Ukivua upande wa Arizona unataka leseni ya Arizona, watoto chini ya miaka 10 hawahitaji. Shemeji mgeni naye anakata, kuna ya siku moja. Asije akasema kwetu tunavua bure, renja anapita na anauliza kwa upole halafu anaandika faini kwa upole vile vile. Striper mtoe minofu, mpake ndimu na pilipili, asilale kwenye friji.

kijana_wa_93

Mimi nasema msiende Mead na Mohave tu, kodini kayaki Willow Beach, ni njiani hapo barabara ya US-93 upande wa Arizona, mnapiga kasia kuelekea juu mpaka Emerald Cave kama maili mbili, maji ya kijani mpaka unaona chini. Mwanga unaingia pangoni. Kitu kizuri kuliko Vegas yote.

nesi_wa_zamu

Nzuri kweli nimefika. Ila mwambie na ukweli wote, maji ya pale yanatoka chini kabisa ya bwawa la Hoover, ni kama nyuzi 12 mwaka mzima, hata Julai wakati juu yenu ni 43. Mtu akianguka kwenye kayaki pumzi inakatika yenyewe, anavuta maji badala ya hewa. Jaketi limefungwa zipu, siyo limewekwa miguuni. Na yule wa miaka 5 mi ningemwacha ufukweni na mtu mzima mmoja.

mzee_wa_boti

Sawa nimekubali mtoto wa miaka 5 Julai ni mtihani. Ila Oktoba nako msisahau blanketi, usiku wa manane panapoa, msije mkasema hamkuambiwa. Na kama mtafika kule juu Mead, nendeni mkaone St. Thomas, ni kamji ka zamani ka Wamormoni kalianzishwa 1865, ziwa likakameza, mkazi wa mwisho akaondoka na mtumbwi 1938 maji yakiwa mlangoni. Sasa maji yamerudi nyuma unatembea kati ya misingi ya nyumba kwa miguu. Mi niliwapeleka wanangu wakauliza hawa watu walienda wapi, nikakosa jibu la haraka.

msukuma_wa_vegas

Na pale bandari ya Hemenway, hapo hapo Mead, ndo 2022 maji yaliposhuka likaonekana pipa lenye mifupa ya mtu aliyepigwa risasi miaka ya sabini au themanini mwanzoni. Vegas hiyo. Watoto usiwaambie.

mama_wawili_phx

Wakuu nimerudi kutoa mrejesho, samahani nimechelewa nguo za mchanga zimenimaliza.

Tulienda Katherine Landing, usiku tatu. Pasi ya darasa la nne ilifanya kazi, mkubwa wangu aliikabidhi mwenyewe getini kama anatoa pasipoti, renja akampigia saluti, tangu hapo anatuambia ameturuhusu kuingia. Kiwanja tulipata chenye kivuli kizuri, oleanda pande mbili, nikawakusanya wote nikawapa hotuba ya sumu kabla hata hatujashusha mizigo.

Vigingi: tulinunua sita tu vya chuma tukaona vinatosha, vingine tukatumia vile vya waya. Msukuma unajua kilichotokea. Siku ya pili saa nane mchana tuko majini, upepo ukaja kama ulivyosema, bila hodi. Upande wa nondo ulishika, upande wa waya ukang'oka wote, hema likakaa wima limeegemea mti kama mlevi, blanketi zikaenda kwa majirani. Majirani walikuwa wazee wawili wenye gari la kulala, walituletea blanketi zetu zimekunjwa na wakatuongezea kamba. Jioni mume wangu akaenda Bullhead City kununua vigingi vingine sita, hakusema neno.

Shemeji. Siku ya kwanza alikataa jaketi, akasema yeye amevuka Ghuba ya Mwanza anaogelea. Nikamwacha. Akaingia, anatembea anatuambia mbona kina kifupi, akapotea. Nilihesabu mpaka tatu akaibuka anakohoa, kofia inakwenda zake. Mkewe hakuuliza kitu, alichukua jaketi akaenda nalo mpaka kwenye maji akamvalisha kama mtoto, mbele ya watu. Basi siku zilizobaki hakulivua, alikula nalo chai, alivua nalo samaki. Striper tulipata wawili, mmoja wa kushikwa kwa mikono miwili. Anchovi mwanangu mdogo alikuwa anazila macho akidhani ni mboga.

Nge tulihesabu wanne kwa ile tochi. Punda mmoja alipita saa kumi na moja alfajiri akala mkate wetu wote uliokuwa mezani, mzima, na mfuko.

Willow Beach hatukufika, mdogo alikataa kuachwa. Swali langu sasa ni moja tu: shemeji anarudi Mwanza mwezi ujao na anataka kununua jaketi kama lile aende nalo, la mtu mzima mwenye kilo 95, ni bora kununua huku dukani au mtandaoni?

mvuvi_wa_katherine

Aende dukani alijaribu mwilini. Avae, mkewe amshike mabegani alivute juu kwa nguvu. Likipanda mpaka masikioni siyo lake. Na mkate mfungie kwenye gari dada, nilikwambia punda ni wezi.